Kadi Ndani ya Pindo

Sketi yenyewe ni ya bluu iliyokoza, karibu na nyeusi, inashuka hadi chini ya goti, na ndani ya pindo lake kuna kadi ya benki. Dada yangu ndiye aliyeshona vyote viwili, sketi na kadi. Aliishona niwe naivaa kazini. Hakuna aliyejua kwamba ndiyo nitakayoivaa msibani kwake.

Naandika kwa sababu nimeanza kusahau vitu vidogo. Juzi nilikaa nikijiuliza kama kikombe chake cha chai kilikuwa na mkono au mkono ulishavunjika, na sikupata jibu. Basi haya niyaweke kabla nayo hayajaniponyoka.

Dada alinizidi miaka tisa. Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kamba iliyotundikwa nguo za wateja pamoja na karatasi za vipimo vyao. Muda mwingi alikuwa na pini mdomoni. Aliongea nazo hivyo hivyo, meno ameyabana, na wateja wake walishamzoea. "Mm" moja maana yake geuka, "mm" mbili inua mkono. Lakini kulikuwa na maneno ambayo kila mara alitoa pini kwanza ndipo ayaseme. Mtu akisimama kupimwa kiuno hujibana tumbo, awe mnene awe mwembamba, mwanamume au mwanamke. Dada alikuwa anangoja, utepe umelegea mkononi, kisha anasema, "Toa pumzi ndiyo nikupime."

Wengine walibisha kwamba hawajajibana. Aliwangoja tu. Hakuna mtu anayeweza kujibana tumbo kumzidi fundi subira.

Mimi kwa watu wa nyumbani naitwa Benki. Jina hilo alinipa Mjomba, kaka yake Mama, mwaka nilioanza kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mshahara wa kwanza haujakaa vizuri, nikamletea Mama friji. Baada ya hapo Mjomba akapata simu mpya, na kila tulipokwenda kula nje mimi ndiye niliyeita mhudumu na kulipa. "Tuna Benki ndani ya familia," Mjomba akawa anasema, "sisi wengine tuna mifuko tu." Nikalipenda hilo jina. Jina zuri nalo linataka kulishwa.

Nilililisha kwa kadi mbili za mkopo na ovadrafti. Kwa asiyeijua, ovadrafti ni benki kukuruhusu utoe hata pesa usizo nazo, mpaka kiwango fulani, halafu mshahara ukiingia wanajikatia chao na riba juu. Kosa langu la kwanza nalionea aibu mpaka leo. Mashine ya kutolea pesa ilinionyesha kiasi ninachoweza kutoa, nami nikakisoma kama kiasi nilicho nacho. Karibu mwaka mzima nilitembea nikidhani nina akiba. Nilipogundua, nilikuwa nimeshazoea kula ya kesho. Nikawa nachukua kwenye kadi hii ili nilipe kiwango cha chini cha kadi ile, mwezi unaofuata nageuza. Kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Barua za benki nilizificha kazini. Tuna kabati la kuwekea vielelezo vya meno, yale meno ya plasta yanayotengenezwa kutokana na mdomo wa mgonjwa. Rafu ya chini hakuna anayeifungua. Bahasha zikawa zinajipanga pale nyuma ya taya za watu, nyingi sijazifungua kabisa. Simu ikiita namba nisiyoijua, mikono inalowa. Nilijifunza kutabasamu kwa wagonjwa huku nikiibonyeza inyamaze ndani ya mfuko.

Siku Dada alipokuja kung'oa gego, daktari aliniambia nimtafutie kielelezo cha mgonjwa wa zamani. Nilikuwa na haraka, nikavuta rafu isiyo yake, na bahasha zikamwagika sakafuni mbele ya viti vya wanaosubiri. Dada alikuwa ndiyo kwanza ametoka ndani, pamba mdomoni, shavu na ulimi vimekufa ganzi. Akainama kunisaidia kuokota. Akasoma moja iliyokuwa imeandikwa kwa wino mwekundu juu. Akajaribu kusema, ikatoka sauti ya mtu aliyemeza uji wa moto. Akachukua kalamu mezani kwangu, akaandika nyuma ya kikaratasi cha miadi: Kesho. Njoo na zote.

Kesho yake nilizipeleka ndani ya mfuko wa nailoni. Alifunga mlango wa karakana, akazifungua moja moja kwa kile kidude chake cha kufumulia nyuzi, akazipanga juu ya meza ya kukatia.

"Sasa nitajie," akasema. "Kadi ya kwanza."

Nikataja.

Akaniangalia. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa. "Toa pumzi, mdogo wangu."

Nikataja tena, safari hii kiasi chenyewe. Akaandika kwenye karatasi ya vipimo, pale anapoandikaga kiuno. Kadi ya pili akaiandika kwenye nyonga. Ovadrafti akaiweka kwenye urefu. Ukijumlisha, ilikuwa mishahara yangu mitano. Nilikuwa sijawahi kuijumlisha. Nililia, naye akaniacha nilie huku akivalisha uzi kwenye sindano.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Na wewe umeazima mpaka vifungo."

"Unanicheka?"

"Nisikucheke nani nimcheke? Mjomba? Mjomba ana simu ya benki mfukoni, anaongea nayo kwa madaha."

Tukacheka wote wawili, mimi huku machozi yakiendelea kunitoka.

Mpango wake ulikuwa wa kifundi. Deni dogo kwanza, limalizwe kabisa, kama unavyomaliza mkono mmoja wa shati kabla ya kushika mwingine. Alinipeleka benki yeye mwenyewe, akakaa pembeni kimya, mimi nikaomba wapunguze kiwango cha ovadrafti kidogo kidogo kila mwezi, nisiweze kukirudia. Jumamosi nikawa naenda kwake kutia vifungo na kupiga pasi, ananilipa kama anavyomlipa mtu yeyote. Kadi ya kwanza ilipokwisha, aliikata kwa mkasi wa kitambaa, jambo asilolifanya kamwe, maana mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Ya pili nikamsihi.

"Hiyo niachie, Dada. Dharura je?"

Akafikiri. "Nikiikata utaenda kuomba nyingine," akasema. "Lete."

Akaiweka ndani ya pindo la sketi ya bluu aliyokuwa anaimalizia, akaishonea humo kwa mkono, uzi maradufu, mishono midogo kama mbegu za ufuta. Aliniambia nihesabu. Arobaini.

"Utakuwa nayo kila siku, na hutaweza kuitumia," akasema. "Siku ikija dharura ya kweli, fumua. Ila kabla hujafumua, njoo kwanza uniambie usoni ni ya nini."

Miezi minane nilitembea na ile kadi ikinigonga muundi. Mara mbili nilikwenda kumwambia usoni. Mara ya kwanza ilikuwa viatu. Mara ya pili ilikuwa zawadi ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Zote mbili sikumaliza sentensi. Mishahara mitano ikashuka ikawa mitatu na kidogo.

Halafu siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, presha ilimwangusha karakanani, mguu ungali juu ya pedali ya cherehani. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi umeme. Alikuwa juu ya ngazi kwenye jengo la watu wakati simu ilipopigwa. Nilifika hospitali kabla yake. Sitaandika hapo zaidi.

Jumatano alasiri tulikaa sebuleni kwa Shemeji kupanga mazishi. Mjomba alishika daftari. Alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, mtu wa kuhesabu hata vijiko vya chai. Mama alikaa pembeni ya dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa. Chakula kikapata mwenyewe, maturubai yakapata mwenyewe. Kisha Mjomba akasoma, "Gari na jeneza."

Watu wakaangalia sakafu. Kampuni ya huduma za mazishi ilikuwa imeshatuandikia bei ya jeneza lililochongwa vizuri, lenye vishikio vya shaba, na gari lao jeusi. Karibu mishahara yangu miwili. Nilihisi kila mmoja akijizuia kunitazama. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hivyo niachieni mimi."

"Si niliwaambia," Mjomba akasema, akiandika. "Hii ndiyo Benki. Haifungwi hata Jumapili."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kile cha puani. Shemeji peke yake aliinua uso akanitazama, akataka kusema kitu, akaacha.

Pesa zilitakiwa kesho yake kabla ya saa kumi, maana maziko yalikuwa Ijumaa asubuhi na wenye gari hawakuwa tayari kuliondoa bila kulipwa. Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda ofisini kwao kuuliza kama watapokea nusu. Karani, mwanamke mwenye sauti ya upole sana, alikataa. "Lakini kadi tunapokea," akaongeza. Sikuwa nimeuliza.

Nikarudi msibani. Simu ilitetemeka mara tatu njiani, namba zisizo na jina. Nilipoingia sebuleni ikatetemeka tena.

"Pokea basi," Mjomba akasema. "Huenda ni watu wa rambirambi."

"Nitawapigia."

"Benki nayo inakwepa wateja?"

Nikatabasamu lile tabasamu la mapokezi. Nikapita moja kwa moja hadi karakanani, nikafunga mlango kwa komeo.

Jua la saa saba lilikuwa linapiga kwenye kioo kirefu. Nguo za watu zilikuwa bado zinaning'inia, nyingine na mkono mmoja, nyingine hazina pindo. Nje nilisikia masufuria na watu wakijadiliana kuhusu viti. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikaligeuza pindo la sketi juu ya goti, nikachukua kile kidude cha kufumulia kutoka kwenye kopo la chaki.

Hesabu niliijua. Ile kadi ilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa sababu miezi minane tulikuwa tunaipunguza. Nikiipitisha pale kwa karani, nitarudi palepale nilipoanzia, mishahara mitano, riba juu, na Jumamosi za kutia vifungo hazipo tena. Nisipoipitisha, maiti ya dada yangu italala mochari siku nyingine kwa sababu nilisema niachieni mimi. Kama hiyo si dharura, dharura ni ipi? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimeshakata mshono wa kwanza.

Haukuwa mchezo. Uzi maradufu, ameuvuta mpaka umezama ndani ya kitambaa. Ilibidi niingize ncha, nipinde, nikate, nivute kipande kwa kucha. Wa pili. Wa tatu. Nikajichoma kidole. Wa sita. Mtu akagonga mlango, akaita Benki, nikaendelea kufumua, akaondoka. Wa tisa. Kona ya kadi ikaonekana, ya njano.

Nikakumbuka sharti. Hapakuwa na uso wa kumwambia, ila niliona si vizuri kuliruka. Nikasema polepole, nikiangalia pale wateja walipokuwa wakisimama mbele ya kioo, "Dada, ni ya jeneza lako. Lenye vishikio vya shaba."

Nilipolisema likasikika kama viatu. Likasikika kama zawadi ya harusi. Nikajua kabisa angefanya nini. Angetoa pini mdomoni, azishike kiganjani, angoje. Na hapo nikahisi kwamba tumbo linaniuma, na kwamba linaniuma tangu jana, tangu kwenye daftari la Mjomba. Nilikuwa nimelibana.

Vipande vya uzi vilikuwa vimelala juu ya goti langu. Vilikuwa kumi na moja. Nikaviokota kimoja kimoja kwa sababu niliogopa vitapotea kwenye takataka za sakafuni, na nilipovikusanya ndipo nilipoelewa kwamba naharibu kazi ya mkono wake, na hakuna itakayokuja nyingine. Nikakirudisha kile kidude kwenye kopo.

Saa ilikuwa nane na nusu.

Sebuleni walikuwepo Mjomba, Mama na Shemeji. Nilisimama katikati ya chumba, pindo likining'inia upande mmoja.

"Mjomba, ile ya gari na jeneza sina."

"Hujaitoa bado? Basi wahi, saa kumi si mbali."

"Sina ya kutoa. Jana nilisema uongo."

Mjomba akavua miwani. "Huna ya gari, au huna ya jeneza?"

"Sina yote. Nina deni, Mjomba. Nina deni la miaka. Dada ndiye aliyekuwa ananisaidia kulilipa."

"Wewe? Na friji ya mama yako?"

"Ilikuwa ya mkopo. Imekwisha mwaka huu."

"Na hii simu yangu?"

"Hiyo bado."

Mjomba akaitoa simu mfukoni, akaiweka mezani taratibu, kama imepata moto. Wala hakuigusa tena mpaka jioni.

Mama hakuniangalia. "Kwa hiyo maji baridi yote yale nimekunywa ya benki," akasema.

Nilingoja niambiwe nitoke.

Aliyesema ni Shemeji. Tangu Jumanne alikuwa hajasema maneno kumi. "Mke wangu aliniambia nisije nikakuomba hela hata kukitokea nini. Nikamuuliza mmegombana? Akasema, fanya nilivyokwambia. Jana uliposema tukuachie, nilishindwa nianzie wapi."

"Hakukwambia kwa nini?"

"Siri ya mteja," akasema, na uso wake ukavunjika, akaufunika kwa kiganja.

Mjomba alianza kunisema, kwa haki yake. Aibu, jina la familia, watu wameshatangaziwa gari jeusi. Alisema dawa ya deni kulipa wala si kuongeza, na kwamba angenisitiri machoni pa watu kama angejua mapema. Kisha akasema ile methali ya kukopa harusi kulipa matanga, akaishia katikati, maana tulikuwa kwenye matanga.

"Basi, kaka yangu," Mama akamwambia. "Jikuneni mnapojipata. Marehemu hakumshonea mtu nguo asiyoweza kuilipia, na yeye tusimvalishe ya namna hiyo."

Mjomba akavaa miwani, akafungua daftari, akakata mstari mmoja. Tulipata jeneza la mbao za kawaida kwa seremala wa mtaa uleule, akalipiga randa mpaka usiku. Shemeji aliomba gari la kazini kwao, lile la kubebea nyaya, akaliosha mwenyewe mara mbili. Tulimzika Ijumaa, tumechelewa saa moja. Watu walisema. Wengine waliniita Benki kwa namna mpya, wakivuta lile neno. Bado wananiita hivyo.

Jumamosi ile nilirudi karakanani kusaidia kuwarudishia wateja vitambaa vyao. Kwenye kamba, katikati ya karatasi za vipimo, nikaikuta yangu. Juu ameandika "Mdogo wangu," na chini, kama anavyowaandikia wateja wa kujaribisha nguo, tarehe za kila mwezi hadi mwisho. Zilizopita alizikata kwa chaki. Iliyofuata ilikuwa wiki ijayo. Niliikunja nikaenda nayo, nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba changu.

Tarehe hiyo nilikwenda benki peke yangu, nikakaa kwenye kiti kilekile, na kile cha pembeni kikakaa kitupu. Nilimwambia karani kiasi chenyewe, sikupunguza. Jioni sasa namtilia vifungo fundi mwingine, mkali, halipi vizuri kama Dada. Deni la kadi ya pili limekwisha na nimewaandikia waifunge. Imebaki ovadrafti, na kwa tarehe zilizo nyuma ya mlango imebaki miezi minne. Kuna usiku nashtuka nikidhani nimehesabu vibaya, nawasha taa naisoma tena ile karatasi. Simu ikiita namba nisiyoijua, mikono bado inalowa, lakini napokea.

Sketi ninayo. Ile kadi haifai tena kwa lolote, ila sijaitoa. Nilijaribu kuirudishia mishono kumi na moja, kwa uzi wa rangi ileile. Yangu imekaa mirefu, imepinda, inaonekana hata na mtu aliyekaa mbali pale mapokezi. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja, mama mtu mzima, aliniambia fundi wangu ameniharibia pindo. Nikamwambia si fundi, ni mimi. Ile mishono ishirini na tisa ndiyo ya fundi.